Kanyaga, Shikilia, Achia

Pasiansi, Mwanza
6 Februari 1994

Kaka yangu Nkwabi,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nimekaa mlangoni, Mina amelala mapajani, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ni yeye anageuka. Sisi hatujambo. Mina ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu, hata kidole cha baba yake. Kila anayemwona anasema sura ni ya marehemu mama tupu, nami nafurahi kwamba jina la Wilhelmina limepata mwenyewe. Mvua zimenyesha, mahindi ya baba mdogo kule Magu yamesimama vizuri. Wewe je? Huko Mpanda kwenye kambi ya barabara mnakula nini? Kile kikohozi cha vumbi la barabara kimeisha? Shemeji yako Masalu anakusalimu sana.

Sasa kaka, usikasirike. Ni lile pikapu. Najua siku ya mnada ulimwambia Masalu limechoka asilinunue, na yeye akakuambia mbele za watu kwamba una wivu, nawe ukasema hutaligusa gari lake maisha yako yote. Yale sikuyasahau. Lakini tangu kiwanda cha pamba kiwapunguze kazi yeye na wenzake, gari hilo ndilo shamba letu. Anabeba sangara wanaoshushwa na mitumbwi mwalo wa Igombe mpaka kiwanda cha minofu. Gari likilala, na sisi tumelala.

Shida ni klachi. Pedali ukiikanyaga inazama mpaka chini kama mguu kwenye tope, na hairudi mpaka uivute na kidole cha mguu. Gia haziingii, zinalia tu. Masalu sasa anaendesha bila klachi. Anazima injini, anatia gia namba moja, anapiga stata, gari linaruka kama mbuzi, ndiyo safari imeanza. Njiani anabadilisha gia kwa kuisikiliza injini. Anawaambia watu wa mwaloni, "Gari linataka dereva, halitaki klachi!" Wanacheka. Mimi sicheki, maana nakaa pembeni yake na mtoto mgongoni.

Kaka, ukija siku moja tu utalimaliza. Wewe ulikuwa unafumba macho na kutaja ugonjwa wa gari kwa kusikia sauti yake tu. Usimwandikie yeye, niandikie mimi.

Mdogo wako anayekuwaza,
Justa


Mpanda
2 Machi 1994

Mdogo wangu Justa,

Marahaba. Barua yako ilikaa Tabora ikisubiri treni. Mimi mzima. Tunakula ugali na maharage, siku za sikukuu tunakula maharage na ugali. Kikohozi kipo, tumezoeana. Msalimie mama, yaani Mina, mwambie mjomba anataka naye ang'atwe. Salamu za Masalu nimezipokea, ingawa najua hakuzituma.

Ruhusa hapa ni ngumu. Matingatinga mawili yameharibika na fundi ni mimi. Kwa hiyo sikiliza, nitakueleza kama tulivyokuwa tukielezana mambo jikoni kwa mama.

Klachi ya gari hilo haivutwi kwa waya, inasukumwa na mafuta ya breki. Juu, nyuma ya pedali, kuna silinda moja. Chini, ubavuni mwa giaboksi, kuna nyingine. Katikati kuna bomba. Mguu unasukuma mafuta ya juu, mafuta yanasukuma silinda ya chini, ile ya chini inasukuma klachi. Ndani ya kila silinda kuna mpira mdogo unaozuia mafuta yasipite. Mpira ukichoka, mafuta yanatoroka au upepo unaingia. Upepo hausukumi kama mafuta, ukibanwa unajikunja tu. Ndiyo maana pedali inazama.

Fanya hivi. Fungua boneti, tafuta kikopo cha mafuta ya klachi, tazama yamefika wapi. Kisha ingia chini ya gari, gusa ile silinda ya chini. Kama kumelowa, ugonjwa uko hapo. Kama kumekauka, uko juu. Niandikie ulichokiona, usiniandikie alichokisema Masalu.

Na asiweke oili ya injini kwenye kile kikopo. Hata kidogo. Oili inavimbisha mpira kama maandazi.

Kaka yako,
Nkwabi


Pasiansi
27 Machi 1994

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, nimeisoma mara nyingi mpaka Mina amekula kona yake moja. Hatujambo, isipokuwa Mina alikuwa na homa kidogo, sasa anacheka. Mama Akelo, yule Mjaluo muuza dagaa wa pale mwaloni, ndiye anamshika nikiwa na kazi. Anamwita "mkwe wangu", ati ataolewa na mwanawe. Mumewe Okwach ni dereva wa lori la mchele, naye ni mtu mwema.

Nililala chini ya gari kaka! Masalu alikuwa ameenda kunyoa. Nilitandika gunia nikaingia. Silinda nimeiona, ni ndogo kuliko nilivyofikiri, kama kikombe cha kahawa. Imelowa. Kidole changu kilitoka na ute mweusi. Kikopo cha juu kina mafuta chini kabisa, na rangi yake ni nyeusi kama chai ya matangani.

Masalu akanikuta.

"Mama Mina, umeangusha nini huko?"

"Naangalia silinda ya chini."

"Silinda! Nani kakufundisha silinda?"

"Fundi mmoja wa mtaa wa Mirongo alikuwa anaongea dukani, nikasikia. Kasema ikilowa mpira umekufa. Kasema tena usitie oili ya injini."

Akanitazama, kisha akacheka kwa pua. "Huyo fundi wa Mirongo anakohoa?"

Nikajifuta vidole. Kaka, oili alishaitia. Mafuta ya breki alinunua kwenye kichupa cha soda pale barabarani, siku hizi kila kitu kinauzwa na hakuna kinachoandikwa jina. Yalipoisha akaongezea oili. Siku ya kwanza pedali ilipanda, akaimba njia nzima. Sasa imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ooko, utingo wetu, ameondoka, kapata kazi kwenye meli. Kwa hiyo utingo ni mimi. Tunaegesha kwenye mteremko wa mwaloni, tunaweka jiwe mbele ya gurudumu maana hendibreki nayo haishiki. Tukitaka kuondoka natoa jiwe, gari linateremka lenyewe, anatia gia, injini inawaka bila kuumiza stata. Nimekuwa mwepesi! Wanawake wa dagaa wananiita "Mama Jiwe".

Lakini tuma hiyo mipira, kaka. Au uje nayo.

Wako,
Justa


Mpanda
19 Aprili 1994

Justa,

Marahaba. Naacha salamu nyingine zote.

USISIMAME MBELE YA GARI HILO. Jiwe lifungeni kamba, ulivute ukiwa ubavuni, mbali na gurudumu. Na Masalu asipige stata gia ikiwa ndani kama kuna mtu mbele, hata awe anamwona, hata awe amemwambia sogea. Gari lililo ndani ya gia halisubiri mtu asogee. Mwambie nimesema mimi Nkwabi, siyo fundi wa Mirongo. Akitaka kutukana anitukane.

Mipira ya silinda zote mbili nimempa Chenge, mtoto wa shangazi, anapanda treni wiki ijayo na barua hii. Ameifunga kwenye leso.

Ikifika mfanye hivi. Vueni silinda. Mwageni mafuta yote ya zamani, yote, mpaka kwenye bomba. Osheni kwa spiriti ya duka la dawa. Siyo petroli, siyo dizeli, siyo sabuni. Kama spiriti hakuna, tafuta gongo kali, angalau mara moja ifanye kazi ya halali. Mpira una mdomo kama kikombe. Mdomo uangalie upande wa mafuta. Ukigeuzwa, mtarudia kazi yote. Kabla ya kuuingiza upake mafuta mapya ya breki, ununue kopo lililofungwa.

Halafu mtoe upepo. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine analala chini na spana kwenye skrubu ndogo ya silinda ya chini. Wa chini anaita, "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga. "Shikilia!" Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Ndipo anaita, "Achia!" Wa juu asiachie kabla ya kuambiwa, upepo utarudi. Na kikopo kisikauke. Endeleeni mpaka mapovu yaishe. Pedali yenyewe itawaambia.

Jiwe, Justa. Kamba.

Nkwabi


Pasiansi
30 Mei 1994

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Chenge alichelewa, treni ilikwama Tabora, lakini mipira imefika salama na barua pia. Ahsante sana. Leso nimemrudishia.

Mina anatambaa. Anafika mpaka kwa jirani, anarudishwa kama kuku. Baba mdogo amevuna.

Gari lipo nyumbani halitembei. Lilipata ajali ndogo pale mwaloni kabla Chenge hajafika. Mtu mmoja aliumia mguu, anaendelea vizuri. Masalu ana mawazo mengi, kwa hiyo mipira bado haijawekwa.

Uliyoyasema kuhusu kamba ni kweli kabisa.

Nisamehe barua fupi, mkono unachoka maana naandika nimelala. Ni uvivu tu.

Justa


Mpanda
21 Juni 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Chenge amerudi. Nilimuuliza habari za nyumbani akaanza kuniambia bei ya pamba. Nikamshika shati.

Kwa nini ulisema "mtu mmoja"?

Ameniambia mguu ni wa kushoto, chini ya goti, na kwamba hospitali waliufunga plasta ukaja ukapinda. Ameniambia ulimcheka yeye akilia. Sijui nikuandikie nini. Nimeandika karatasi mbili nimezitia motoni.

Ruhusa nimeomba. Hapa ni ngumu. Wanasema labda baada ya kiangazi.

Niambie ilivyokuwa. Nataka kuisikia kutoka kwako, siyo kwa Chenge. Na niambie mumeo anakutunzaje.

Kaka yako,
Nkwabi


Pasiansi
17 Julai 1994

Kaka yangu Nkwabi,

Shikamoo kaka, na pole kwa niliyokuficha. Nilijua utaumia na uko mbali, na mtu aliye mbali akiumia hana cha kushika. Mina mzima. Mimi naamka, nakaa, napika nimekaa. Kwa magongo nafika chooni na kurudi.

Unataka kusikia, basi sikia. Siku ile lori la barafu lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko wetu, sisi tukaegesha penye tambarare. Jiwe tuliliweka kwa mazoea tu. Samaki wamepakiwa, jua kali, barafu inayeyuka, na tukichelewa mkaguzi wa kiwanda anawakataa samaki wote. Masalu anahangaika. Nikampa Mama Akelo mtoto, nikaenda kutoa jiwe. Masalu akasema, "Tayari?" Mimi nikasema, "Tayari," maana nilikuwa nimelishika jiwe. Nilidhani anauliza kama nimelishika. Yeye alidhani nimeshatoka. Akapiga stata gia ikiwa ndani. Likaruka kama linavyoruka kila siku.

Hivyo tu kaka. Hakuna aliyekusudia. Mama Akelo alipiga yowe, Masalu alishuka akaniinua peke yake, mimi na uzito wangu wote, akawa anasema, "Si ulisema tayari? Mama Mina, si ulisema tayari?" Alisema hivyo mpaka hospitali.

Unauliza ananitunzaje. Mwanzo aliniogesha, aliniosha nywele, alifua nguo za mtoto hadharani wanaume wakamcheka asijali. Usiseme ni mtu mbaya. Lakini plasta ilipofunguliwa na mguu ukaonekana ulivyo, kaka, hautazami. Akiingia ndani anatazama dirisha. Nikiufunika na kanga ndipo anazungumza. Kwa hiyo naufunika.

Sasa habari njema, na ndiyo nimeitunza mwishoni. Klachi imepona!

Nilimwambia, "Masalu, mipira ya Nkwabi ipo kwenye kopo la chumvi. Leta spana." Akasema, "Nani atakaa kwenye pedali? Wewe una mguu?" Nikamwambia, "Kukanyaga kutanishinda, kulala hakunishindi." Kisha akaenda kuazima spana.

Alivua silinda zote mbili. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikimsomea barua yako, hatua kwa hatua. Spiriti tulipata. Ile mipira ya zamani ilikuwa imevimba, laini kama ulimi, ulivyosema. Mpira mmoja aliutia mgongo mbele, nikamwambia, "Mdomo uangalie mafuta," akasema, "Huyo kaka yako anaona mpaka huku?" lakini akaugeuza.

Halafu akanibeba akanilaza kwenye gunia, akanisukuma taratibu chini ya gari kama mkate kwenye tanuri. Mina akalia akitaka kuingia naye. Nikashika skrubu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshika, mama, fungua!"

Kaka, yalitoka mafuta na povu kama mate ya ng'ombe, yakaniingia nyweleni. Nikafunga. "Achia!" Tena na tena. Mara moja aliachia kabla sijasema, nikampigia kelele kutoka chini, "Masalu! Usiachie kabla sijakwambia!" Na yeye kwa sauti ndogo akajibu, "Sitarudia." Nikajua hasemi habari ya klachi. Nikatia spana mdomoni, machozi yakiniingia masikioni.

Mwisho mafuta yakatoka meupe, hayana povu. Akapiga kelele, "Ni ngumu! Pedali ni ngumu!" Akawasha, akatia gia, ikaingia bila sauti. Aliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, anapiga honi, watoto wanamfuata. Mimi nilikuwa bado nimelala pale pale uwanjani, juu naona mbingu mahali gari lilipokuwa. Nilifurahi sana kaka. Nilifurahi kuliko siku ya harusi.

Usihangaike na ruhusa. Sikuulizi tena habari za kuja.

Mdogo wako fundi,
Justa


Mpanda
12 Agosti 1994

Justa fundi,

Marahaba. Barua yako nimewasomea hapa gereji, pale pa mkate na tanuri wamecheka mpaka mmoja akatoka nje. Pale pengine sikuwasomea.

Umefanya kazi ya watu waliosoma kwa mikono. Mwambie Masalu nimempa pongezi. Sema hivyo hivyo, nimempa pongezi. Akumbuke kutazama kikopo kila wiki, mafuta yakishuka awahi.

Mguu ulale juu ya mto. Nakutumia dawa ya kuchua. Na usiufunike kwa sababu yake. Ufunike ukisikia baridi.

Nkwabi


Pasiansi
2 Oktoba 1994

Kaka yangu Nkwabi,

Shikamoo. Utaniwia radhi kwa kimya. Dawa ya kuchua imefika, inawaka kama pilipili, Mina anaikimbia. Ndiyo, anakimbia! Ameanza kutembea kabla yangu. Hatua nne, anakaa, anajipigia makofi. Mimi nimeacha gongo moja, nimebaki na moja. Nauza maandazi hapa mlangoni, Mama Akelo ananiletea unga. Hatulali njaa.

Masalu hayupo. Alisema klachi ikishakuwa nzima samaki wa Igombe ni kazi ndogo, anataka kubeba mpunga Kahama, safari moja tu. Aliondoka mwishoni mwa Julai. Barua yako ya pongezi ilifika hayupo, nimemtunzia.

Nilijiambia barabara ni mbaya. Nikajiambia mpunga umechelewa kukauka. Kisha wiki iliyopita Okwach alipita Kahama na lori lake, akamwona. Mama Akelo hakutaka aniambie, lakini mwanaume yule hawezi kuficha kitu, uso wake unasema kabla ya mdomo. Pikapu ni zima, limepakwa rangi. Masalu amepanga chumba kwa mama mmoja muuza pombe, na watu wanamwita baba mwenye nyumba. Okwach alimuuliza, "Bwana, mkeo na mtoto je?" Masalu akainamisha kichwa. Akasema, "Nikirudi nitauona ule mguu."

Hakusema kingine. Okwach ameapa kwamba hakusema kingine. Nimemuuliza mara nyingi, labda alisema neno la Mina akalisahau.

Usikasirike, kaka, na usimfuate. Wewe utanena maneno, na yeye atapata sababu ya kutorudi. Mimi sina hasira. Nimelifikiria jambo hili nikikanda unga, na nimeona kitu ambacho wengine hawakioni, kwa hiyo nakuuliza wewe fundi unijibu kweli.

Masalu hajui kutoa upepo. Alikuwa juu siku zote, anakanyaga anapoambiwa. Skrubu iko wapi, inafunguliwa kiasi gani, inafungwa lini, hajui. Barua yenye maelezo ninayo mimi. Na kikopo hatakitazama kila wiki, namjua, atakitazama siku pedali itakapozama. Kule Kahama mafundi wa njiani watamtilia oili, naye atakumbuka oili ilivyoiua klachi. Atakumbuka nani alilala chini, na njia ya kuja huku.

Nimeuchua mguu kila siku. Umenyooka kidogo, hata Mama Akelo ameona.

Basi niambie, kaka, na usinidanganye kwa huruma. Ile mipira uliyotutumia, hukaa muda gani?

Mdogo wako,
Justa